Kutengeneza au Kubadilisha: Namna ya Kuamua Juu ya Simu Janja Iliyoharibika

Simu janja, yaani simu ya mkononi inayotumia programu na kuunganishwa na intaneti, imekuwa kwa wakazi wa Dodoma na nyanda za kati chombo cha kazi sawa na ilivyo chombo cha mazungumzo. Mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa huitumia kuulizia bei na kupokea malipo, mkulima wa zabibu wa Hombolo huitumia kumtafuta mnunuzi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma huhifadhi humo kazi zake za utafiti, na mtumishi wa umma aliyehamia makao makuu baada ya Serikali kuanza kuhamia huko mwaka 2016 huitumia kuilea kwa mbali familia iliyobaki mkoa mwingine. Ndiyo maana siku kioo kinapopasuka au simu inapogoma kuwaka, hasara haiishii kwenye bei ya kifaa, bali hugusa kipato, mawasiliano na kumbukumbu ambazo pengine hazipo mahali pengine popote.

Katika hali hiyo mwenye simu hukutana na ushauri wa pande mbili. Fundi humwambia kuwa simu inatengenezeka, naye muuzaji humwambia kuwa simu hiyo imeshachoka na kwamba heri achukue nyingine, ama kwa dhamana, ama kwa mkopo, ama kwa kutoa ile ya zamani na kuongeza fedha. Kila mmoja ana sababu zake, na kila mmoja ana faida yake. Kanuni inayotetewa katika makala haya ni kwamba matengenezo ndiyo ya kuanza nayo pale ambapo mazabodi, yaani ubao mkuu wenye saketi zinazoendesha simu, ni nzima na mtengenezaji bado anatoa masasisho ya programu kwa toleo hilo. Na kwamba simu mbadala ni ya kukubaliwa pale ambapo moja kati ya mambo hayo mawili limekwisha, lakini kwa masharti yaliyoandikwa na baada ya simu hiyo kukaguliwa. Kuifuata kanuni hiyo kunahitaji hatua kadhaa, na mpangilio wake una uzito, kwa kuwa hatua inayorukwa mwanzoni mara nyingi ndiyo inayoleta gharama mwishoni.

Hatua za saa ya kwanza

Kabla ya kuuliza bei ya fundi au bei ya simu mpya, mwenye simu anapaswa kuzuia uharibifu usiongezeke. Simu iliyoingia maji izimwe mara moja, isichomekwe chaji wala isiwashwe kila baada ya dakika chache ili kuangalia kama imepona, kwa sababu kinachoua simu yenye maji si unyevu peke yake, bali ni umeme unaopita katika maji yenye chumvi na madini, ambao hula shaba ya saketi na kuacha kutu. Jambo hili lina uzito zaidi Dodoma, ambako sehemu kubwa ya maji ya mji kwa miaka mingi imetoka katika visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na ambako maji ya ardhini yana chumvi na madini ya kutosha kuacha ukoko mweupe ndani ya birika. Simu ikishakauka, chumvi hiyo hubaki juu ya mazabodi. Kwa hiyo simu iliyolowa na kuonekana kupona inaweza kufa wiki kadhaa baadaye, ikiwa haikufunguliwa na kusafishwa kwa alkoholi ya isopropili, ambayo ni spiriti inayoondoa unyevu na kukauka upesi bila kuacha masalia. Desturi ya kuifukia simu ndani ya mchele haiondoi chumvi hiyo, na mwezi Januari 2024 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake waiache, kwa kuwa chembechembe za mchele zinaweza kuingia ndani ya simu na kuidhuru zaidi.

Betri iliyovimba inahitaji hadhari ya aina nyingine. Dalili yake ni mfuniko wa nyuma kuinuka au kioo kuanza kujitenga na fremu, na simu ya namna hiyo isichajiwe tena, isikandamizwe, wala isitobolewe, kwa kuwa betri za lithiamu zinaweza kuwaka moto. Kwa upande mwingine, yapo matatizo yanayoonekana makubwa huku chanzo chake kikiwa ni vumbi tu. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, upepo wa nyanda za kati hupeperusha udongo mwekundu unaoingia mifukoni na kushindiliwa ndani ya tundu la chaji, hadi kichwa cha waya kinashindwa kuzama vizuri na simu inakuwa ya kuchaji kwa kuegeshwa. Kabla ya kukubali kubadilishiwa kile ambacho mafundi hukiita sistimu chaji, yaani tundu la chaji pamoja na saketi zake, inafaa simu izimwe, tundu limulikwe kwa tochi, na uchafu utolewe taratibu kwa kijiti chembamba cha mbao. Watu wengi wamelipia kipuri ambacho hakikuwa na kasoro.

Hatua nyingine ya saa ya kwanza ni kuihamishia laini kwenye simu nyingine, hata kama ni ya kitochi. Fedha za M-Pesa, Airtel Money na huduma nyingine za aina hiyo hazimo ndani ya kifaa, bali zimeunganishwa na namba iliyosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, hivyo mwenye namba anaweza kuendelea kupokea na kutuma fedha wakati uamuzi juu ya simu yake bado unapimwa. Faida kubwa ya hatua hii ndogo ni kwamba inamwondolea haraka, na haraka ndiyo inayomfanya mtu akubali bei ya kwanza anayotajiwa.

Nani anapaswa kulipa

Swali linalofuata ni iwapo gharama ni ya mwenye simu au ni ya aliyemuuzia. Dhamana, ambayo wengi huiita waranti, ni ahadi ya mtengenezaji au muuzaji kwamba kifaa kitatengenezwa au kubadilishwa bila malipo iwapo kitaonyesha kasoro ndani ya muda uliotajwa, na kwa simu nyingi zinazouzwa nchini muda huo ni takriban mwaka 1. Dhamana hufunika kasoro za kiwandani, kama vile simu inayojizima bila sababu au kioo kinachojigusa chenyewe, na kwa kawaida haifuniki kuanguka, kulowa maji wala kufunguliwa na fundi asiyetambuliwa na kampuni husika. Ndiyo maana simu ambayo haijamaliza mwaka isipelekwe kwanza kwa fundi wa mtaani, hata kama yupo karibu na ni hodari, bali ipelekwe kwa aliyeiuza au kwenye kituo kinachotambuliwa na mtengenezaji. Kwa simu za Tecno, Infinix na itel, kwa mfano, kazi hiyo hufanywa na Carlcare.

Zaidi ya ahadi ya mtengenezaji, sheria nayo ina neno. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inachukulia kuwa bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo inapaswa kuwa na ubora unaofaa kwa biashara na kufaa kwa matumizi ambayo muuzaji alielezwa, na inampa mnunuzi nafasi ya kuikataa bidhaa isiyotimiza sharti hilo. Hata hivyo, mnunuzi anayekaa na bidhaa kwa muda mrefu bila kulalamika anaweza kuhesabiwa kuwa ameikubali, hivyo kasoro inayojitokeza wiki ya kwanza iripotiwe wiki hiyohiyo, ikiwezekana kwa maandishi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inakataza wafanyabiashara kuwapotosha walaji, na malalamiko juu ya simu iliyouzwa kama mpya ilhali imetumika, au yenye uwezo tofauti na ulioandikwa kwenye boksi, yana mahali pa kupelekwa.

Haki zote hizi huanguka pasipo na ushahidi. Risiti ya mashine ya EFD, boksi lenye namba ya utambulisho wa simu na kadi ya dhamana iliyogongwa mhuri ni vitu vya kuhifadhiwa pamoja na vyeti vingine vya nyumbani. Kwa kuwa maandishi ya risiti za EFD hufifia upesi katika joto, inafaa risiti ipigwe picha siku ileile ya ununuzi na picha hiyo ihifadhiwe nje ya simu iliyonunuliwa.

Simu ya mkopo ina hali yake ya pekee. Simu inayolipwa kidogokidogo kwa siku au kwa wiki kwa kawaida huwa na programu inayoweza kuifunga malipo yanapochelewa, na mkataba wake mara nyingi humtaka mkopaji aendelee kulipa hata kama simu imeharibika. Anayekubali kupewa nyingine kabla ya kumaliza deni la kwanza anaweza kujikuta akilipia simu mbili huku akitumia moja. Kabla ya fundi yeyote kuigusa simu ya namna hiyo, mkataba usomwe, na mkopeshaji aulizwe kama kuna bima, bima hiyo inafunika uharibifu upi, na kama kuifungua simu kunavunja masharti.

Kupima kilichoharibika

Uamuzi mzuri hutegemea utambuzi sahihi, na utambuzi ni kazi inayostahili kulipiwa peke yake. Fundi makini wa simu, awe kwenye meza ndogo jirani na soko la Majengo au ndani ya duka lenye kiyoyozi, haanzi kwa kutaja bei, bali huanza kwa kupima. Kwa simu isiyowaka, huunganisha mazabodi na pawa saplai, yaani kifaa cha mezani kinachotoa umeme wa kiwango kinachodhibitiwa na kuonyesha simu inavuta kiasi gani, kisha hutazama namba kabla hata hajabonyeza kitufe cha kuwashia. Ikiwa umeme tayari unavutwa, ni dalili kwamba kuna shoti katika njia kuu. Ikiwa hauvutwi hadi kitufe kibonyezwe, kisha unapanda na kushuka kwa utaratibu wa kawaida, basi huenda mazabodi ni nzima na tatizo liko kwenye kioo au betri. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na mteja ana haki ya kusimama pale na kuelezwa maana ya namba anazoziona.

Kwa kugawanya kwa ujumla, uharibifu uko wa aina tatu. Aina ya kwanza ni ya sehemu zinazobadilishwa bila kugusa mazabodi, yaani kioo, betri, kamera, spika, mfuniko na, kwa simu nyingi, tundu la chaji, na hapa matengenezo ndiyo chaguo la kawaida. Betri hasa isichukuliwe kuwa dalili ya uzee wa simu nzima, kwa sababu ni kipuri kinachochakaa kwa asili yake: betri nyingi za lithiamu zimeundwa zibaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya kuchaji, na joto huharakisha uchakavu huo. Simu inayochajiwa kwa sola juani, au inayoachwa ndani ya gari lililoegeshwa mchana wa Novemba, huchosha betri yake mapema kuliko ile inayochajiwa kivulini, na kubadilisha betri hiyo kunaweza kuirudishia simu uwezo wa kukaa siku nzima.

Aina ya pili ni uharibifu wa mazabodi yenyewe, kama vile shoti, kutu ya maji, au memori ya ndani iliyokufa. Kazi hii huhitaji hadubini, blowa, yaani mashine ya hewa ya moto ya kuyeyushia risasi, na mkono uliozoea, na hata inapofanikiwa huenda isidumu, hasa kama chanzo kilikuwa maji. Aina ya tatu haionekani kwa macho, nayo ni ya programu. Simu ambayo mtengenezaji ameacha kuipelekea masasisho ya usalama hubaki na mianya inayojulikana na wahalifu, na pole pole programu muhimu huikataa. WhatsApp, kwa mfano, tangu mwanzoni mwa mwaka 2025 imeacha kufanya kazi katika simu zenye Android ya chini ya toleo la 5. Kuibadilishia kioo simu ya aina hii ni kupaka rangi nyumba ambayo msingi wake umeshalika.

Kioo kinahitaji maelezo ya ziada kwa kuwa ndicho kinachovunjika zaidi. Sokoni huwa kuna kioo orijino, kioo kilichotolewa kwenye simu nyingine ya aina hiyohiyo, na kopi, na tofauti ya bei kati yao ni kubwa. Kopi nzuri inaweza kutosha, lakini kopi hafifu huwa na mwanga mdogo usiosomeka katika jua la Dodoma, hula betri, na katika simu zenye kisomaji cha alama ya kidole chini ya kioo inaweza kuzima huduma hiyo kabisa. Mteja aulize ni kioo cha aina gani, na aombe kijaribiwe kabla hakijapakwa gundi: fundi akiunganishe kwa waya wake, awashe simu, kisha alama ya programu moja iburutwe kwa kidole kutoka kona moja hadi nyingine, juu hadi chini, kwani sehemu ambayo alama inakwama ndiyo sehemu ambayo tachi, yaani uwezo wa kioo kuhisi mguso, haifanyi kazi. Baada ya hapo ipigwe simu na kifaa kisogezwe sikioni kuona kama kioo kinazima chenyewe. Mteja akumbuke pia kwamba simu iliyouzwa ikiwa na uwezo wa kuzuia maji, ikishafunguliwa na kufungwa kwa gundi ya mtaani, isitegemewe tena kuwa na uwezo huo.

Wenye kioo kilichopasuka lakini kinachofanya kazi huahirisha matengenezo kwa miezi, ilhali ufa huo ndio mlango wa vumbi na jasho kuelekea ndani. Usemi wa wahenga kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta unatimia hapa neno kwa neno, kwa kuwa kazi iliyokuwa ya kioo peke yake inaweza kugeuka kuwa ya kioo na mazabodi.

Hesabu ya miezi iliyobaki

Wengi hutumia kipimo kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya simu, basi simu ibadilishwe. Kipimo hicho kinasaidia, lakini kina upungufu, kwa kuwa hakielezi nusu hiyo ni ya bei ipi. Bei iliyolipwa miaka 3 iliyopita imeshapita. Bei inayofaa kulinganishwa ni ya kupata leo simu nyingine yenye uwezo uleule. Aidha, nusu ya bei haisemi chochote juu ya muda ambao simu itaendelea kutumika, na muda huo ndio kitu ambacho mteja ananunua hasa.

Njia bora ni kugawanya gharama yote kwa miezi ya huduma inayotarajiwa. Ikichukuliwa kwa mfano simu ambayo kioo na betri vitagharimu shilingi 120,000, na ambayo kwa hali ya mazabodi na programu zake inatarajiwa kutumika miezi 18 mingine, kila mwezi wa huduma utakuwa umenunuliwa kwa takriban shilingi 6,700. Simu mbadala ya shilingi 420,000 inayotarajiwa kudumu miezi 36 itakuwa imegharimu takriban shilingi 11,700 kwa mwezi. Hata kama muuzaji ataipokea simu mbovu kwa thamani ya shilingi 100,000 katika mpango wa kubadilishana kwa kuongeza fedha, ambao madukani huitwa topapu, bado kila mwezi utagharimu karibu shilingi 8,900, na matengenezo yatakuwa yameshinda. Lakini ikiwa tatizo ni kutu ya mazabodi, na fundi anataka shilingi 180,000 kwa kazi ambayo yeye mwenyewe hathubutu kuitabiria zaidi ya miezi 6, kila mwezi utagharimu shilingi 30,000, na hapo simu mbadala ndiyo yenye nafuu.

Katika hesabu hiyo ziingizwe pia gharama ambazo hazitajwi kwenye meza ya fundi. Mkazi wa Mpwapwa, Kondoa au Manyoni anayesafiri hadi Dodoma mjini hulipa nauli ya kwenda na kurudi, na kama kipuri hakipo na inabidi kiagizwe Kariakoo, huenda akalazimika kusafiri mara mbili. Kwake inafaa kumpigia fundi kwanza, amtajie jina kamili la toleo la simu kama lilivyoandikwa kwenye mipangilio, na asafiri baada ya kuhakikishiwa kuwa kipuri kimefika. Kwa mfanyabiashara, siku ambazo simu haipo nazo ni gharama, na kwa ajili yake matengenezo ya saa 2 yanaweza kuwa bora kuliko simu ya bure itakayofika baada ya wiki 3 za kusubiri dhamana.

Upatikanaji wa vipuri na masasisho ndio unaoamua miezi ya huduma. Umoja wa Ulaya umeanza, tangu tarehe 20 Juni 2025, kuwataka watengenezaji wanaouza simu huko wahakikishe kuwa vipuri muhimu vinapatikana kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa, masasisho kwa miaka 5, na betri zenye kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800. Sheria hiyo haimfungi muuzaji wa Dodoma, lakini inampa mnunuzi kipimo cha kuulizia: simu ambayo muuzaji hawezi kueleza itapata masasisho hadi lini ni simu yenye miezi michache kuliko bei yake inavyodai.

Kupokea simu mbadala

Anayeamua kukubali mbadala afahamu kwamba anaingia makubaliano mapya. Simu inayotolewa badala ya mbovu inaweza kuwa mpya kabisa, inaweza kuwa iliyorudishwa na mteja mwingine ikakarabatiwa, au inaweza kuwa ya toleo la chini kwa sababu lile la awali limekwisha sokoni. Hakuna ubaya katika simu iliyokarabatiwa vizuri, ila mteja ana haki ya kuambiwa, na bei au masharti yaakisi ukweli huo. Aulize kama dhamana inaanza upya au inaendelea na miezi iliyosalia ya simu ya kwanza, na jibu liandikwe kwenye risiti au kwenye kadi ya dhamana.

Ukaguzi wa kwanza ni wa IMEI, ambayo ni namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha kila simu duniani. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ilizima simu bandia katika mitandao ya nchi mwezi Juni 2016, na tangu wakati huo mnunuzi ana njia ya kujihakikishia: hubonyeza *#06# kuiona namba hiyo, kisha huituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na kusoma jibu kama linataja aina na toleo lilelile lililo mkononi mwake. Namba inayoonekana kwenye kioo ilingane na ya boksi na ya risiti. Vivyo hivyo, mwenye simu iliyobadilishwa mazabodi afahamu kwamba IMEI yake nayo imebadilika, na amwombe fundi risiti inayoeleza badiliko hilo. Kuifuta au kuibadili IMEI kwa programu ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Ukaguzi wa pili ni wa akaunti. Simu ya Android iliyofutwa bila akaunti ya Google ya mwenyewe wa awali kuondolewa kwanza itamdai mmiliki mpya nenosiri la mtu asiyemjua, na iPhone yenye akaunti ya iCloud ya mtu mwingine haitatumika kabisa. Simu iwashwe mbele ya muuzaji, ianzishwe kama mpya hadi mwisho, na ndipo fedha zitolewe. Baada ya hapo zijaribiwe kamera zote, maikrofoni, spika, chaji, na laini zote mbili kwa mtandao ambao mteja anautumia mahali anapoishi, kwani simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi ya mbali inaweza kushika vizuri mjini na kusuasua kijijini.

Taarifa zilizomo na kifaa kinachoachwa

Lipo jambo linaloweza kupindua hesabu yote ya shilingi, nalo ni taarifa. Katika simu za sasa, picha na nyaraka hufungwa kwa fumbo la kihesabu ambalo ufunguo wake umo ndani ya mazabodi ileile, kwa hiyo kung'oa memori na kuihamishia kwenye simu nyingine hakurudishi chochote. Maana yake ni kwamba mwenye kumbukumbu ambazo hazikuhifadhiwa nje ya simu, kama picha za marehemu mzazi, hesabu za wateja wa duka au sura za tasnifu, anaweza kuwa na sababu nzuri ya kulipia matengenezo ya mazabodi hata kama hesabu ya miezi inasema abadilishe, alimradi aeleze wazi kwa fundi kwamba lengo ni kuiwasha simu kwa muda wa kutosha kutoa taarifa hizo. Simu mbadala inayotolewa kwa dhamana hufuta uwezekano huo, kwa kuwa kwa kawaida ile mbovu hubaki mikononi mwa kampuni.

Simu inayokwenda kwa fundi itolewe laini na memori kadi, na ikiwa bado inawaka, taarifa zake zihifadhiwe kwanza mahali pengine. Namba ya siri ya huduma za fedha haimhusu fundi kwa hali yoyote, na nenosiri la kufungulia simu, iwapo linahitajika kwa majaribio, libadilishwe mara simu inaporudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa za mtu hata zinapokuwa mikononi mwa wengine, lakini picha iliyokwisha kusambaa hairudishwi na hukumu, na kinga hubaki kuwa bora kuliko shauri.

Kifaa kinachoachwa nacho kisitupwe jalalani wala kuchomwa pamoja na taka za nyumbani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inaonyesha kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tanzania ina kanuni za mwaka 2021 za kudhibiti taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, na njia iliyo karibu zaidi na mwananchi ni kumuuzia au kumpa simu isiyofaa fundi ambaye atatoa kamera, spika na mfuniko wake kuwa vipuri vya simu nyingine. Kabla ya kuitoa, akaunti ziondolewe na simu ifutwe, na kama haiwaki, nenosiri la akaunti libadilishwe kupitia kifaa kingine na simu ile iondolewe kwenye orodha ya vifaa vyake.

Kwa muhtasari, mwenye simu iliyoharibika azuie kwanza uharibifu usiendelee, ahamishe laini, atazame risiti na dhamana kabla ya mtu yeyote kuifungua, alipie kipimo, kisha agawanye gharama kwa miezi. Mazabodi ikiwa nzima na masasisho yakiwa bado yanakuja, atengeneze, na asione haya kuonekana na simu ya miaka 4, kwani fedha anayoibakiza ni ada, mbegu au mtaji. Mazabodi ikiwa imeliwa na kutu au programu zikiwa zimemfungia mlango, abadilishe bila majuto, baada ya kuokoa taarifa zake na kuikagua mbele ya muuzaji simu anayopewa. Katika hali zote mbili, asikubali bei ambayo haikutanguliwa na kipimo, wala ahadi ambayo mtoaji wake hataki kuiandika.